Dadu Zilizokula Mbegu za Ziwa

Mimi najua kucheza dadu za simu. Sisemi kwa kujisifu. Ukiniletea gazeti nitakuomba miwani na subira, kwa maana niliachia masomo darasa la tatu, lakini hizo dadu naweza kukufundisha kabla chai haijachemka.

Dadu ni mbili. Kwenye simu kumechorwa meza ya kijani, na kando yake kuna mstari mrefu. Pesa yako unaiweka kwenye huo mstari, unabonyeza, dadu zinarushwa. Mara ya kwanza zikileta saba au kumi na moja, umeshinda. Zikileta mbili, tatu au kumi na mbili, pesa imeenda. Zikileta namba nyingine, tuseme nne au tisa, hiyo sasa ndiyo namba yako, na lazima uirushe tena kabla saba haijatokea. Saba iliyokulisha mwanzo, sasa inakuzika. Ni hivyo tu. Mtoto anaweza kuelewa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Aliyenifundisha ni kijana yangu wa mwisho, fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani Pioneer, mtu mzima mwenye bibi na mtoto. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na kule kijijini kunakoitwa Ziwa, kwenye shamba letu la ekari mbili, trekta ilikuwa imeshapita. Tulikuwa tumeuza mtamba, tukalipa trekta, na zilizobaki, elfu thelathini, zilikuwa kwa simu yake. Jumatatu asubuhi tununue mbegu na mbolea, Jumanne tupande. Hatukuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza.

Akaja jikoni nikimenya viazi.

"Mathe, leo nataka mkono wako."

"Mkono wangu uko kazini. Wako umekatika?"

"Wangu hauna bahati. Si wewe ndio huitwa kuweka mbegu ya kwanza?"

Hilo ni kweli. Kwetu mbegu ya kwanza haiwekwi na kila mtu. Huitwa mtu mwenye mkono, anaweka punje chache kwenye kona ya shamba, halafu wengine wanafuata. Mimi nimeitwa miaka mingi, hata na watu tusiosalimiana vizuri. Kuna jirani yangu akipanda maharagwe, panya ndio hushiba, na alikuwa akinitumia mtu kila msimu. Kwa hivyo kijana alijua pa kunishika. Hakuniambia habari ya pesa. Aliniambia habari ya mkono.

Kwanza alinionyesha ile ya bure, ambayo pesa si ya kweli. Nilifuta kidole kwa leso nikabonyeza. Saba. Nikabonyeza tena, kumi na moja. Halafu ikaja sita, na baada ya mara mbili sita ikarudi. Kijana akapiga makofi.

"Unaona? Nimecheza wiki mbili sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Wiki mbili?" nikamwuliza. "Na pesa gani?"

"Kidogo kidogo tu, mathe. Ya kibarua."

Hapo ndipo ningechukua ile simu niitie kwenye ndoo ya maji. Mimi ni mtu mkali, watoto wangu wote wanajua. Nimewahi kumtoa mmoja barabarani kwa kiboko mpaka nyumbani, kwa sababu ya kucheza karata za kushindania maganda ya njugu tu. Lakini hiyo siku sikuwa mkali. Nilikuwa nataka kuona kama dadu zitanitii tena.

Akaweka elfu moja ya kweli. Saba. Akaweka tena, nikapata nane, nikairudia nane. Tukawa na elfu thelathini na mbili, nami nikacheka, nikamwambia tutaongeza gunia la mbolea. Akaweka elfu tano. Ikaja nne.

"Sasa tunangoja nne," akasema. "Na hapa nyuma ya mstari unaweza kuongeza. Nne ikija inalipa mara mbili." Akaongeza elfu tano nyingine hapo nyuma.

Nikabonyeza. Nane. Sita. Kumi. Nane tena. Halafu saba, na meza ikafagiliwa, elfu kumi, kama mtu anavyopangusa makombo.

Kijana akaweka simu kwenye meza. Rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Wacha tuachie hapo, mathe. Ishirini na mbili zinatosha mbegu. Mbolea nitakopa."

Haya ndiyo maneno niliyomficha kila mtu kwa muda mrefu. Nilimwambia, "Weka tena."

Akaniangalia.

"Weka," nikasema. "Mkono haujakosea. Ulikuwa umelowa na viazi."

Akaweka zote. Ikaja tisa. Ghafla nikaogopa, nikamwambia toa hizo pesa haraka. Akajaribu, simu ikakataa. Ukishapata namba, pesa ya mstarini haitoki mpaka mambo yaishe. Shambani ukiona mvua imekataa unaweza kurudisha mbegu kwenye gunia. Pale hapana. Nikabonyeza, ikaja tano. Nikabonyeza tena. Saba.

Siku zilizofuata nilichukua punje za mahindi nikazipanga kwenye sinia, nione hiyo saba inatoka wapi. Moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, halafu ugeuze kila dadu: njia sita. Tisa ina njia nne. Nne ina tatu tu. Hakuna mkono hapo. Ukishapata namba, saba ina njia nyingi kukushinda, na wenye meza walihesabu kabla mimi sijazaliwa. Mtu wa darasa la tatu aliweza kuona hayo kwa sinia, ila aliona akiwa amechelewa.

Jumapili ile ile, kabla sijaiweka viazi motoni, bibi ya kijana aliingia akikung'uta mwavuli, akauliza kesho tunaenda kununua mbegu saa ngapi. Kijana akasema, "Nimezicheza."

Hakusema tumezicheza. Bibi yake alimtukana mpaka kijana akalia. "Pesa ya mtamba wa mama yako! Huna hata haya, na yeye ameketi hapo!" Nilikuwa nimeketi kweli. Nilikuwa nimerudi kwa viazi.

Wiki hiyo hiyo bibi yake akamtoa kwa nyumba, na mimi nikanyamaza. Kijana akaenda Nakuru kutafuta kazi ya kuchomelea mageti. Shamba tukamkodishia jirani msimu mmoja, pesa yake ikaenda kwa kodi ya nyumba na karo, na palizi ilipofika mimi na huyo bibi yake tukaenda kuomba kibarua pale pale. Tulipalilia mahindi ya mtu kwenye udongo wetu.

Siku ya pili ya palizi nilishindwa kuendelea kuibeba hiyo siri. Nikamwambia hivyo tu, tukiwa tumeinama. "Ni mimi nilisema aweke tena. Yeye alitaka kuachia."

Alipiga jembe mara kadhaa. Halafu akasimama.

"Mama, miezi miwili unaniangalia nikimlaani?"

"Ndiyo."

"Mpigie. Mimi sitapiga. Umwambie umesema."

Nikapiga nikiwa katikati ya mahindi. Akashika. "Mathe, uko salama?"

"Nimemwambia bibi yako. Anajua ni mimi."

"Nani alikutuma kusema?"

"Hakuna. Rudi nyumbani."

"Nirudi nilime nini, mathe? Hilo shamba ni la mtu mpaka mavuno."

Bibi yake alinyoosha mkono kama anayetaka simu, halafu akaurudisha kwenye jembe. Mwenye mahindi alikuwa amesimama kando ya shamba akituangalia, akauliza kama tumechoka. Nikakata simu, nikamwambia hapana, hatujachoka.