Siku Niliyopimwa na Kuku

Nilipokuwa mtoto nilipimwa na kuku. Kuku kabisa, tetea mweupe wa kienyeji, na wazee wa ukoo wakakaa kwenye vigoda kumsubiri aamue kama mimi ni mtoto mtundu tu au ni balaa lililovaa kaptula. Bisha. Njoo hapa Hale, uliza fundi pikipiki Shabani, utaonyeshwa, halafu ubishie mbele yangu nikiwa na spana mkononi. Wengi wamejaribu. Wameondoka wameamini, na pikipiki zao zimepona.

Wasomi mtanivumilia. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kichwa changu hakijawahi kuishia popote, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe.

Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili, kule Mashewa. Kukaa chini kwangu ilikuwa adhabu. Mwalimu Rehema akigeuka kuandika ubaoni, mimi nishafika dirishani. Akigeuka tena, niko chini ya dawati nafunga kamba za viatu vya wenzangu wawili pamoja. Penseli nilipoteza kila wiki. Swali nililijibu kabla halijaisha kuulizwa, na mara nyingi nilikuwa sahihi, hilo naomba mliweke akilini. Sikuwa mjinga. Mambo yalinipitia kichwani kama mabasi ya Arusha yanavyopita Korogwe: nayaona, nayataja rangi, lakini hayasimami.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Siku moja nilipita jikoni mbio, nikapiga teke sufuria ya uji iliyokuwa inachemka. Uji ukamwagikia mguu wa binamu yangu Saidi. Nilisikia ngozi yake ikilia kabla yeye hajalia. Sikukusudia, ila mguu uliungua vile vile.

Jioni ile ndipo bibi mzaa baba alipolitamka neno alilokuwa amelimeza miaka minane. Alisema mimi ni kigego.

Kwa wasiojua: kwetu Uziguani mtoto akianza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini, huyo ni kigego, na wazee waliamini anakuja na mikosi. Anayeishi naye anaugua, anaungua, anakufa. Ndiyo maana jino la kwanza lilikuwa halikaliwi kimya. Likichomoza tu, mtoto anapelekwa kwa bibi mzaa baba, anaingizwa kidole mdomoni, bibi analigusa, anathibitisha. Sasa mimi meno yangu yalitoka mama akiwa kwao Vugiri, milimani, alikokwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Tuliporudi tambarare nilikuwa na meno manne, mawili juu, mawili chini. Kidole cha bibi kilichelewa.

"Yalianza yapi?" bibi alimuuliza mama, Saidi bado analia.

"Ya chini, mama. Nilishakwambia."

"Nani aliona?"

"Mama yangu mzazi."

"Shahidi wa milimani," bibi akasema, akamgeukia baba. "Mwanangu, mguu wa Saidi umeuona. Unasubiri wa nani?"

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu.

Ikaamuliwa Jumamosi aitwe mganga kutoka upande wa Handeni. Atakuja na mtama wake, na kuku ndiye atakayejibu. Mtoto anakaa mkekani, kiganja wazi, mtama juu yake. Kuku akija akadonoa mara tatu, mtoto hana kitu. Kuku akikataa, mtoto ni kigego na anarudishwa kwa wajomba zake pamoja na aliyeficha meno yake. Maana yake mama anaachika. Hakuna aliyenieleza hivyo kwa mdomo, lakini nilikuwa chini ya meza, na chini ya meza nilikuwa nasikia vizuri kuliko darasani.

Mwalimu Rehema yeye alikuwa na uganga wake. Alimwambia mama, "Mpeleke hospitali Korogwe. Kuna daktari anaangalia watoto wa namna hii. Mtoto wako hana jini, mama Shabani, ana kitu kinachopimika." Jumanne mama akamuaga bibi kwamba nakwenda kuangaliwa masikio, tukaondoka.

Daktari alikuwa mama mnene, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye Shabani? Kaa hapo."

Nikakaa. Mama alipokuwa anamaliza kutaja kijiji chetu, nilikuwa nimeshapanda mzani, nimeshuka, nimefungua droo na nimeuliza kwa nini feni haizunguki. Daktari hakunikemea. Alikuwa ananitazama tu, anaandika.

Akamuuliza mama maswali ambayo bibi hakuwahi kuyauliza. Nalala vipi? Nimewahi kupata degedege? Nikiitwa, huwa sisikii au nasikia nikapuuza? Nilianza lini hivi?

"Tangu ajue kutembea," mama akasema. "Hakutembea, alikimbia."

"Ni shuleni tu au na nyumbani?"

"Kote, daktari. Hata madrasa. Ustadhi anasema huyu anasoma aya huku anahesabu mijusi darini."

Mama alitaka kulia, daktari akacheka, mama naye akacheka machozi yakimtoka.

Nilimulikwa masikio, nikasomeshwa herufi ukutani. Kisha nikapewa karatasi imejaa maduara na nyota, nikaambiwa, "Kata kila duara. Nyota ziache." Mstari wa kwanza nilikata kama askari. Wa pili nikaruka mawili. Wa tatu nyota zilikuwa zimeota pembe na mkia. Daktari akaichukua, akanipa tochi yake mbovu. Hapo sasa! Niliifungua, nikakuta chuma cha chini kina kutu, nikakikwangua kwa ukucha, nikarudisha, ikawaka. Daktari akatazama saa ya ukutani. Akamwambia mama, "Umeona? Muda wote huu hajainua kichwa."

"Kwa hiyo ana nini?" mama akauliza.

"Bado, mama. Hili halijulikani kwa siku moja. Chukua karatasi hizi za maswali, moja ya mwalimu, moja yako. Mjibu kila mmoja kivyake, msioneshane. Muhula ukiisha umrudishe. Ninachoweza kukwambia leo ni kwamba si mtoto mbaya na wewe si mzazi mbaya."

Mama alizikunja zile karatasi akazifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima alikuwa analigusa pindo. Mimi nilidhani kafunga hela.

Nimelifikiria sana hilo neno "bado". Kuku alikuwa na asubuhi moja ya kujibu. Daktari aliomba miezi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na miezi, maana bibi alikuwa amezika watoto wanne kabla ya baba yangu, na hakuna daktari aliyewahi kumwambia kwa nini. Zamani nilimcheka kwa sababu ya kuku wake. Siku hizi nikimkumbuka naona mama aliyekosa jibu mara nne, akashika lililokuwepo.

Jumamosi mganga akafika asubuhi, mzee mwembamba, koti la suti na kandambili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye kimbunga chenyewe? Mbona mdogo?"

Watu wakacheka. Kuku alikuwa ameletwa tangu Alhamisi ili aizoee nyumba, na ndiye mkwe, yaani mama, aliyetakiwa kumtunza. Alitolewa chini ya tenga akaachiwa uani. Nikawekwa mkekani, miguu mbele, kiganja wazi, mtama. Mama alisimama mlangoni mwa jiko. Hakunifanyia ishara yoyote. Alinitazama tu, na mimi, ambaye sikuwahi kuusoma uso wa mtu mpaka mwisho, uso ule niliusoma wote.

Nikakaa. Nasema nilikaa! Muulize yeyote Mashewa. Sisimizi alipanda kwenye goti, nikamwacha akatalii. Nzi akatua mdomoni, akatembea mdomo wa juu, akavuka wa chini. Saidi alijificha nyuma ya pipa na mguu wake uliofungwa kitambaa, akanitolea ulimi, akapindua kope, akajifanya kuku mwenyewe. Ndani yangu kulikuwa na watoto kumi wanataka kuruka, na wote nilikuwa nimewakalia. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo. Leo naelewa kipimo kile kilikuwa cha kutulia na si cha meno, maana ni kuku gani atamsogelea mtoto anayechezacheza? Bila kujua, mganga alikuwa anapima kile kile alichokipima daktari, isipokuwa yeye hakuwa na tochi ya kunipa.

Kuku akaja, shingo mbele. Akadonoa. Akarudi nyuma, akanitazama kwa jicho moja. Akadonoa tena. Halafu, mama yangu weee, akapanda kabisa juu ya kifundo cha mkono na kuanza kula kama kaalikwa harusini. Vigelegele. Mganga akasimama, "Mtoto hana kitu. Ana mbio tu." Bibi akanivuta kifuani, akanipaka mate kwenye paji la uso, akalia. Baba akasema neno moja: "Alhamdulillah."

Hii ndiyo hadithi ninayoisimulia gereji. Naisimulia vizuri, naigiza mpaka kuku. Wakiniuliza ilikuwaje baada ya hapo, huwa nawaambia mama alipanda Vugiri wiki mbili baadaye kumuuguza babu, mambo yakaingiliana, hakurudi. Zile karatasi za daktari alikwenda nazo. Muhula uliisha, hakuna aliyenirudisha Korogwe. Mwalimu Rehema akahamishwa, waliomfuata wakatumia fimbo, nami nikaacha kwenda, kidogo kidogo, mpaka siku moja hakuna aliyeuliza.

Mwezi uliopita mwalimu wa mwanangu Idi alituita. Ana miaka sita, hatulii, kamfungia mwenzake chooni kwa sababu, anasema, alitaka kuona kitasa kinavyofanya kazi. Tukaelekezwa kwa mtaalamu. Kijana mpole, ana karatasi nyingi. Akaniuliza, "Na wewe baba, utotoni ulikuwaje?" Nikamwangushia hadithi ya kuku, nzi, sisimizi, yote. Mke wangu akacheka, kijana akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Na mama yako yeye alikuwa anakusaidiaje?" Nikasema hewa ya chumba nzito, nikatoka nje. Nikabaki nje mpaka walipomaliza.

Basi nisikilizeni sasa, maana kuna kipande huwa nakiruka.

Yule kuku alikuwa na njaa. Tangu Alhamisi hadi Jumamosi mama hakumpa punje. Nilimwona Ijumaa akiinua tenga, akamwekea maji peke yake, akashusha. Nikamwuliza mbona humpi pumba? Akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. "Shabani, baba yangu. Hili ni letu wawili. Ukilisema, mimi na wewe hatutaonana kila siku. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Na nilielewa kweli, naapa. Kuelewa hakujawahi kuwa shida yangu.

Nilikaa nalo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Saidi alinichokoza uani: wewe kigego, kuku kakuonea huruma tu, mguu wangu huu hapa. Na mdomo wangu ukatangulia. "Kuku gani? Mama yangu ana akili kuliko mganga wenu! Alimnyima chakula siku mbili, angekula hata mkeka!"

Bibi alikuwa kibarazani anapepeta mahindi. Ungo ukasimama. Mama alikuwa anatoka jikoni na birika la chai.

"Kweli anayosema?" bibi akauliza.

Mama angeweza kusema mtoto muongo huyu. Wote wangeamini, nilikuwa muongo wa kutupwa. Alinitazama, nadhani alikuwa anawaza nitabaki na jina gani akisema hivyo, kigego na muongo juu yake.

"Kweli, mama," akasema, akaweka birika chini taratibu lisimwagike.

Baba, aliporudi kutoka shamba na kuambiwa, aliyatoa maneno yake yote ya mwaka ule: "Mtoto wangu haendi popote." Ya kumtetea mama hayakubaki. Babu wa Vugiri hakuwa mgonjwa, aliishi miaka mingi tena, mzima. Mama aliondoka Jumapili asubuhi kwa sababu yangu. Hajawahi kunitajia, nami sijawahi kumwomba radhi, mwaka wa ishirini sasa nampigia simu kila Ijumaa na kumchekesha tu.

Na pale alipotamka "kweli", birika mkononi, mimi nilikuwa bado namcheka Saidi.