Punda wa Mteremko wa Qantab

Sikiliza, mimi sina tena nguvu ya kubishana na mtu. Ukiamini, haya, usipoamini, haya. Lakini lilitokea, wallahi, mchana kweupe baada ya laasiri, na mimi ndiye niliyeshika usukani.

Mama yangu kashikwa na maradhi ya kusahau, mwaka wa tatu huu. Neno lake lilikuwa moja tu: "Tunarudi saa ngapi?" Kurudi Pemba, kwao. Nikimjibu, kabla sijafunga mdomo kauliza tena. Siku ile aliniuliza njia nzima tangu nyumbani kwetu Khuwair, mjini, nami usiku sikulala, kichwa kinaniwanga. Nilikuwa nampeleka Qantab, kijiji cha pwani chini ya mlima, akapigwe na upepo wa bahari.

Watu wa Qantab wana punda wao. Zamani, kabla ya barabara, akiwateremshia maji, akafia mlimani na viriba mgongoni. Wanasema bado anateremka. Ukimkuta msubiri apite, usimpigie honi. Mimi nikicheka. Nani asingecheka?

Basi kwenye kona, huyo! Katikati ya lami, viriba ubavuni, maji yanachuruzika. Nikafunga breki.

Mama akapiga ukelele wa furaha. "Sikitu! Huyu si Sikitu, punda wa baba! Mwanangu, nishushe nimpokee mzigo, kachoka." Miaka mitatu hajamtaja mtu wala mnyama kwa jina, hata mimi! Na yule punda akageuza shingo, akamtazama. Niamini.

Ningemwacha ashuke, ingekuwaje? Lakini nilichoka jamani, nilichoka. Nikabonyeza honi.

Punda hakukimbia. Hakuwepo tu. Nikashuka nikaikuta lami imerowa, na jua lile! Niliporudi garini, mama kanyamaza.

Hajasema tena mpaka leo. Daktari kampima, kiharusi hakuna. Nyumba imetulia, utulivu ule ule niliokuwa nikiuomba, na sasa siutaki. Jioni nakaa ubavuni pake, namuuliza mimi: "Mama, tunarudi saa ngapi?" Ananitazama tu.

Kwa hivyo nawe ukiteremka Qantab ukamkuta, zima gari. Uliye naye akitaka kushuka, mshike mkono ushuke naye. Na ukiwa umechoka, choka, lakini honi usiiguse.