Salamu Zilizomaliza Vocha

Simu za mkononi zilipoingia kwetu, mjomba wangu wa Chiwanda naye alinunua. Mama yangu, dada yake, alipofariki, mjomba alipanda kilimani penye mtandao akanipigia huku Mbuji, nikiwa shambani nachuma kahawa.

Kwetu mleta msiba hakurupuki. Anasalimia, anauliza watoto, mvua na mavuno, ndipo anakwambia ukae chini. Mjomba alifanya vivyo hivyo. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza watoto, akauliza kahawa. Vocha ikaisha kabla hajafika kwenye habari ya mama, na duka la kule halikuwa na nyingine. Mimi nikajua amenipigia kunisalimu tu. Nikawatambia majirani kwamba mjomba kanikumbuka. Kule walinisubiri, wakachoka, wakazika.

Nilipomsimulia muuza simu wa mjini, alicheka. “Si angeanza na habari yenyewe!”

Angeanza! Mnatuuzia maneno kwa sekunde, halafu mnataka kutufundisha namna ya kupeana msiba? Zamani angetumwa mtu kwa miguu. Kuzika ningechelewa, sawa. Lakini nisingekuwa natamba kwa majirani wakati mama anashushwa kaburini.