Mke Wangu wa Kimali

Ndugu zangu mnaohamahama app za kutuma pesa kwa sababu ya ofa, nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Somanda. Rafiki yangu Masanja alinisumbua wiki nzima: "Hiyo yako ina makato mengi. Hamia huku, ukimleta rafiki unapata bonasi." Nikahamia. Nikaijaribu kwa kumtumia mama mkwe wa Mkula hela ya mbolea, nikajiona mjanja.

Jana ikawa zamu ya kumtumia bibi yangu wa Kimali. Kwetu Wasukuma bibi ni mtani. Mimi humwita mke wangu, na babu ndiye mpinzani wangu. Kwenye app ya zamani jina lake lilikaa juu kabisa, kwa hiyo nikabonyeza la juu bila kutazama. Nikaweka hela, na kwenye sehemu ya ujumbe nikaandika: "Mke wangu, nunua kanga nzuri. Jumamosi nakuja, huyo mzee wako mfukuze."

Muamala ulipokamilika ndipo nikasoma jina. Kumbe app mpya humweka juu mtu uliyemtumia mwisho.

Mama mkwe! Mtu ambaye hata kumsalimia huwa nainamisha macho! Nikatafuta pa kufuta, hakuna. Nikarudi kwenye cherehani, nikaishona suruali ya mteja miguu yote miwili pamoja.

Kisha simu ikaita. Baba mkwe.

"Ng'wanangu," akasema taratibu, "ujumbe tumeusoma. Huyo mzee ni mimi. Nihame leo, au nisubiri hiyo Jumamosi?"