Rubani Aliyeghairi Kuruka

Nilimbembeleza baba miezi mitatu apande ndege. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na daktari mgeni wa macho alikuwa Arusha mpaka Jumamosi tu. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Ndege ndogo ya wamisionari ilikuwa na nafasi mbili, yake na yangu mimi bintiye. Lakini mzee wa ng'ombe wa kijijini Gendabi umwambie nini kuhusu kwenda angani!

Jumatatu ukoo mzima ulikuja kutuaga. Waliwafukuza ng'ombe kutoka kiwanja cha ndege, tukafunga mikanda, baba akanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Ndege ikakimbia weee, mara injini ikakohoa. Rubani, kijana mdogo tu, akapunguza moto wa injini palepale, akakanyaga breki, tukasimama hatua chache kabla ya mtaro.

Nikawaka. Nilimwambia kijana wa watu maneno ambayo mwalimu wa shule ya Nangwa kama mimi hapaswi kuyasema, kwamba sasa baba ndiyo basi tena, hapandi hata afungwe kamba. Yeye alimsogelea baba, akamwamkia shikamoo, akamweleza kuwa injini imekohoa mara moja na hakutaka kubahatisha.

"Mara mbili," baba akasema. "Ya kwanza ilikuwa ndogo."

Kijana akafikiri kidogo, akakubali.

Kesho yake ikaja ndege nyingine, na rubani mtu mzima, miwani ya jua, tumbo mbele. Baba alimuuliza kama amewahi kughairi kuruka ndege ikiwa mbioni. Akajibu kwa majivuno kwamba tangu aanze kazi hajawahi. Baba akakaa chini kwenye nyasi, akasema atamsubiri yule anayejua kuogopa.

Nililia kwa hasira, nakiri. Zilibaki siku nne. Spea ililetwa Jumatano, na Alhamisi tukaruka na kijana wetu. Baba alilala njia nzima. Aliyesali ni mimi. Ijumaa akapasuliwa jicho moja, mgonjwa wa mwisho kabisa kwenye orodha.

Asubuhi bandeji ikatolewa. Mara ya mwisho baba kuniona nilikuwa bado sijaolewa. Alinitazama, akanishika shavu, akanigeuza kuelekea dirishani.

"Kumbe umezeeka, mama," akasema, na hakuacha kunitazama.