Miwani Iliyoliza Darasa

Mafundi cherehani walimchagua mwenzao mmoja awe msemaji wao kwa sababu alikuwa na mdomo. Walitaka mwenye jengo awatobolee madirisha, maana joto la karakana lilikuwa linawapika. Chiriku, ndivyo walivyomwita, hakuwa na mpinzani kwa maneno akiwa nyuma ya cherehani yake. Lakini msimamishe mbele ya watu, ulimi unamgandia. Ndipo akajiandikisha darasa la ulumbi, la kufundishwa kuhutubia, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa maktaba.

Mwalimu akafika kwenye somo la kugusa hisia. "Ukisema baba yako alikuwa mtu mwema, watu wataitikia tu," alisema. "Waonyeshe kitu chake, watamwona. Wiki ijayo kila mtu aje na kitu cha nyumbani kwake."

Chiriku alikwenda na miwani ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikikaa kwenye droo pamoja na vifungo na zipu. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi wa bluu. Aliikunjua, na maneno yakaja yenyewe: jinsi mzee alivyoufunga uzi ule akikataa kununuliwa nyingine, jinsi alivyosinzia gazeti likiwa kifuani. Muuguzi mstaafu aliyeketi mbele alilia kwa kwikwi. Mwalimu mwenyewe alijifanya anakohoa.

Alirudi nyumbani kichwa kimemvimba kidogo, akamsimulia kaka yake.

Kaka akaigeuzageuza miwani. "Mdogo wangu, hii si ya baba. Ya baba tulimzika nayo, niliiweka mfukoni mwake kwa mkono wangu. Hii aliiacha yule mpangaji wa chumba cha uani."

"Na huu uzi?"

"Uliufunga wewe. Ulikuwa mtoto, unajifanya fundi."

"Na gazeti kifuani?"

"Hilo kweli. Kila siku ya Mungu."

Chiriku akaketi. Alijaribu kumkumbuka mpangaji, ukamjia uso wa baba. Amedanganya, au hajadanganya? Kila alipopata jibu, lilimponyoka.

Jumamosi iliyofuata alisimama akawaeleza wote. "Hukudanganya," mwalimu akasema. "Ila..."

"Sasa mimi nilimlilia nani?" muuguzi akauliza kwa hasira. "Mpangaji?"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku naye alicheka, kisha akajikuta analia, na hakujua kilio kilimwanzia wapi.

Kwa mwenye jengo alikwenda mikono mitupu, bila miwani wala kitu kingine cha kuonyesha. Aliruka mambo mawili aliyokuwa amejiandaa kuyasema, akarudia lile la joto mara mbili. Mwenye jengo alimtazama, akaguna, akakubali kutoboa madirisha.

"Umemwambia nini?" wenzake wakamvamia mlangoni.

"Jamani," akasema, akijifuta jasho, "hata mimi sijui."