Siku Niliyojiombea Mwenyewe Kanisani Beni

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu wa Beni, maana watu wa Beni wanaijua kuliko mimi, lakini ninyi rafiki zangu nitawaambia, mcheke mmalize, kisha mniachie chai yangu ninywe kwa amani. Mimi Kambale, mwinjilisti wa Butembo, mwenye sauti ambayo (mke wangu husema) inawaamsha watu mpaka Musienene, nilisimama kati ya kanisa zima nikajiombea mwenyewe kama mtu aliyepotea, na machozi niliyomwaga yalikuwa ya kweli.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati barabara ya kwenda Beni ilikuwa na vizuizi kila mahali na hujui leo askari ni wa nani. Kanisa moja kule Beni lilitafuta mtu wa kumsaidia pasta wao mzee, wakaniita kwa fonii, ile redio ya kuitana toka mji hadi mji, nije kuhubiri Jumapili moja, wanisikilize, wakinipenda wanichukue. Niliitaka kazi ile, msinione hivi, niliitaka mpaka chakula kilinishinda! Nikachagua kuhubiri juu ya unyenyekevu, ule mfano wa Yesu wa mgeni anayekaa nyuma mpaka mwenye karamu anakuja kumwita mbele.

Basi njiani, juu ya lori, wazo likaniingia: kwa nini niuhubiri tu, nisiuonyeshe kabisa? Kule hakuna aliyenijua sura. Ningekaa benchi la mwisho, pasta angenitafuta, watu wangegeuka na kusema kumbe mgeni amekaa na wakimbizi, nami ningetembea polepole mpaka mbele, kichwa nimekiinamisha (nilikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, nikakifanyia mazoezi kile kichwa). Donc lori liliponishusha mlangoni pa kanisa nikavua koti na tai, nikavitia kwenye begi pamoja na Biblia, nikamwachia Saidi, dereva Mwislamu aliyenileta toka Butembo, nikamwambia nitamfuata sokoni baada ya ibada. Mahubiri nilikuwa nayo yote kichwani.

Nyuma walikaa watu waliokimbia vijiji vyao, na vifurushi vyao miguuni. Mama mmoja mzee, Mama Masika, akasogeza chake ili nipate nafasi.

“Uko mukimbizi wa wapi, papa?”

“Natoka upande wa Butembo, mama.” (Si uongo, sivyo?)

“Karibu. Ukale kitako karibu yangu.”

Mbele kulikuwa na kiti cha mgeni, kimefunikwa kitambaa cheupe, kitupu. Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili ikaimba, mimi naimba nao kwa sauti yangu yote, na hakuna anayekuja kunitafuta. Mwisho pasta akasimama.

“Bandugu, mugeni wetu wa Butembo hajafika. Asubui tulisikia masasi ya bunduki upande wa barabara. Tumuombee.”

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mais mimi nilishikwa na hamu ya kujua, nilitaka kwanza nisikie watasema nini, maana ni mara ngapi mtu anapata kusikia kanisa likimzungumzia na wanaamini hayupo? Mzee mmoja akasema alisikia kwamba mimi ni mutumishi mupole sana, nikaona si vizuri kumkatiza. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia. Na kadiri walivyolia, ndivyo nilivyozidi kushindwa kusimama, maana sasa ningesema nini?

Mama Masika akanishika mkono. “Papa, weye uko na sauti. Utuombee. Umuombee uyu mutoto wa batu.”

Nikasimama. Nilikusudia maneno mawili tu, lakini sauti yangu haijui maneno mawili. “Ee Bwana, umtazame mtumishi wako Kambale, mtu mnyenyekevu, asiyejitafutia makuu!” Kanisa likaitika amina, na ile amina ikanivuta, nikamwombea mke wa Kambale, nikawaombea watoto wa Kambale, mpaka kweli nikamhurumia Kambale, nikalia, mikono juu.

Mlango ukafunguliwa. Ni Saidi, anahema.

“Pasta Kambale! Unisamee, sacoche yako iyi! Basoda banakamata bamotoka kule soko, minarudia Butembo sasa ivi!”

Akalitundika begi kwenye mkono wangu uliokuwa bado umeinuliwa kwa Mungu, akatoka mbio kabla askari hawajalikamata na lori lake. Tai ilikuwa inaning'inia nje ya begi.

Kwaya ikacheka, ikacheka mpaka mpiga ngoma akaangusha ngoma. Yule mzee aliyenisifu akatazama dari. Pasta alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaniona ni mimi yuleyule. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Mama Masika peke yake hakucheka. “Njo weye? Uko muzima? Wasingya, Yesu, wasingya!” Alikuwa anashukuru kwa Kinande huku anacheza, akanikamata mkono akanivuta mpaka mbele, safari ileile niliyoifanyia mazoezi, ila sasa kichwa kiliinama chenyewe. Tulipofika akawageukia watu.

“Mutoto yangu Muhindo alienda Kirumba na motoka ya maharagi. Iko myezi ine, hajarudia. Leo nilisema, Mungu, kama wangu hapana, urudishe hata uyu wa benyewe. Na amemurudisha!”

Kicheko kikaisha. Nami nikaona haya kuliko zile za begi, maana nilikaa bega kwa bega na mama huyu ibada nzima, nisimuulize hata jina la mtoto wake, nikajililia mimi.

Nikawaambia yote, kioo, koti, benchi. Kuhubiri sikuweza. Nikageuka nirudi nyuma, pasta akanigusa bega, akaonyesha kile kiti cheupe.

“Ukale, ndugu. Tulikuwekea toka asubui.”

Nikakaa. Sijawahi kukalia kiti kigumu kama kile.

Kazi walimpa mwingine, mtu wa maneno machache, walifanya vizuri. Mimi tangu siku ile nakaa ninapoonyeshwa, na kabla ya kuomba namuuliza aliye karibu yangu anamngojea nani. Madereva wote wa Kirumba wameshachoka na swali langu juu ya Muhindo, naye bado hajaonekana. Jina lake ndilo nalitaja kwanza, kwa sauti yote. La Kambale, Mungu alilisikia vya kutosha kule Beni.